Wimbo Ushitaki Tendo, Usishitaki Kabila

Leo tunazungumza juu ya nyimbo ambazo watu huimba wanapoona kiongozi amewageuka.

Wengi wenu mnaujua wimbo "Indépendance Cha Cha". Joseph Kabasele na kikundi chake African Jazz waliupiga kule Brussels mwanzo wa mwaka 1960, wakati viongozi wetu walipokuwa wakizungumza na Wabelgiji juu ya uhuru. Sikilizeni majina yaliyomo: Kasa-Vubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe. Wote wamo katika wimbo mmoja, kama watoto wa nyumba moja.

Sasa angalieni tarehe. Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi wa Agosti, Kalonji naye akajitenga na Kasai Kusini. Tarehe 5 Septemba, Kasa-Vubu akamwondoa Lumumba katika kazi ya waziri mkuu, na Lumumba akajibu kwamba ni yeye anayemwondoa Kasa-Vubu. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba akauawa kule Katanga. Wimbo ule haukumtukana mtu. Lakini kila unapopigwa, unatukumbusha siku ambayo wakubwa walikuwa na neno moja.

Hata Wazungu wana nyimbo za namna hiyo. Mwaka 1971, kikundi cha roki cha Uingereza kiitwacho The Who kilitoa wimbo "Won't Get Fooled Again". Unawaonya watu wanaobadilisha wakubwa wao kwa nguvu, kisha wakakuta mambo ni yale yale. Sisi tuliopishana na majeshi mengi barabarani tunaelewa onyo hilo.

Lakini, ndugu zangu, moto unaopika ugali ndio unaochoma nyumba. Kwa jirani zetu wa Rwanda, nyimbo za Simon Bikindi zilipendwa sana. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, zilipigwa redioni ili kuwachochea watu wawachukie Watutsi. Mwezi wa Desemba 2008, mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimhukumu Bikindi kifungo cha miaka 15. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyasema barabarani kwa kipaza sauti, akihimiza Watutsi wauawe. Tazameni jinsi njia ilivyo fupi kutoka ngoma hadi panga.

Kwa hiyo, wazazi na wazee, mkisikia vijana wakiimba juu ya "wasaliti", msiwafukuze. Kaeni nao, mwulize maneno matatu. La kwanza: wimbo huu unataja tendo, au unataja kabila? La pili: unamwambia mkubwa aliyetuahidi kazi, au unamwambia jirani maskini? La tatu: wimbo ukiisha, watu wataenda kuuliza swali, au wataenda kutafuta mtu wa kupiga?

Mtu aliyebaki kijijini kulinda shamba lake si msaliti. Mama aliyelipa kodi kwa wenye silaha ili watoto wake walale hai si msaliti. Siku tutakaporudi, hao ndio tutakaopakana nao mashamba, na kisima kitakuwa kimoja. Tukiwaimbia vibaya leo, tutarudi kwa nani?

Na ninyi wakubwa, mkiimbwa, msitume askari. Anayewaimbia bado anatumaini mtasikia. Iteni watu, mwaeleze ahadi ipi imetimizwa na ipi imebaki. Mkubwa anayenyamazisha wimbo huukuta tena usiku, umekuwa neno la siri, na neno la siri halina mtu wa kujibizana naye.

Wahenga walisema, ulimi hauna mfupa. Tuchunge ulimi, hata ukiwa unaimba. Amani iwe kwenu na kwa wale mliowaacha nyumbani.