Talaka ya Wazazi, Ndoa ya Watoto

Huku pwani ya Bagamoyo, mama aliyeachwa akimaliza eda huolewa tena, na mtoto mara nyingi hubaki kwa bibi. Si aibu. Lakini mtoto huyo anajifunza nini kuhusu ndoa?

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Paul Amato na Danelle DeBoer, walitoa jibu lililonishangaza. Watoto waliokulia kwenye ugomvi, wazazi wakabaki pamoja, hawakuwa wepesi wa kuachana baadaye. Wepesi walikuwa watoto wa wazazi waliotalikiana, hasa walioachana bila ugomvi mkubwa. Mtoto huona ndoa ni kitu cha kuachwa tu. Bagamoyo si Marekani, ila mzazi, mweleze mwanao kilichotokea kwa kadiri ya umri wake. Na usimfanye tarishi wa matusi!

Na mtoto akae na nani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 huchukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, isipokuwa mahakama ione vingine. Matunzo ni ya baba. Sare, daftari, dawa: baba, hata kama umeshaoa kwingine, unadaiwa.