Fedha za Awali ni Deni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo nasema na mafundi wanaojitegemea: seremala, mshonaji na mwashi. Hawa hawangojei mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtaji wao ni mikono yao na kauli yao.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Basi seremala aliyepokea fedha za awali za kitanda asichokitengeneza bado, amebeba deni. Na aandike: mbao za namna gani, bei kiasi gani, siku gani ya kukabidhi.

Fedha hizo azinunulie mbao za mteja huyo huyo. Akimalizia nazo kitanda cha mteja wa jana, kesho atamtafuta wa tatu ili amwokoe na wa pili, na mwisho wake ni ugomvi mlangoni pake. Asipokee kazi kupita nguvu zake. Akiona atachelewa, atoe habari kabla ya siku kufika. Na katika kila faida aweke akiba ya kununulia vifaa, hata asihitaji tena fedha za watu.

Nanyi wateja, kazi ikikamilika lipeni. Kumzungusha fundi kwa ujira wake ni dhuluma.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.