Nani Ataimba Usiku wa Krismasi?

Hotuba ya katibu kwa niaba ya kamati ya kwaya, katika sherehe ya jubilei ya miaka 25



Tumepewa robo saa tu, na mwalimu wa kwaya ameshatuonya kwamba akiinua mkono tunanyamaza, kama vile katika wimbo. Kwa hivyo hatutasimulia historia ya kwaya. Hiyo mtaisoma katika kurasa za mbele za kijitabu, pamoja na picha ya sare ya kwanza, ambayo baadhi yetu tulitumaini haitaonekana tena. Tumechagua kuzungumzia Krismasi, na tuna sababu.

Mwezi ujao tuna mkutano mkuu, na katika ajenda kuna pendekezo kwamba kuanzia mwaka huu kwaya isiimbe Misa ya mkesha wa Krismasi. Pendekezo lenyewe si la mzaha. Wengi wetu hufunga safari kwenda mashambani kabla nauli haijapanda maradufu. Mkesha wa mwaka jana tulibaki watu kumi na mmoja, na sauti ya nne nzima ilikuwa mzee mmoja mwenye mafua. Wenzetu waliotoa pendekezo wanasema watu waachwe waende makwao, spika zipo, nyimbo zitawekwa kwenye flashi, na Misa itaendelea. Sisi wa kamati hatukubaliani nao. Lakini badala ya kubishana hapa siku ya sherehe, tumeona heri tuwatembeze kidogo, mwone wenzetu wa nchi nyingine wanavyoimba usiku huo.

Tuanze kwa jirani. Ukivuka mpaka pale Moyale uko Ethiopia, na huko tarehe 25 Desemba hupita kama siku yoyote. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi hufuata kalenda yao, na sikukuu yao wanayoiita Genna kwa kawaida huangukia tarehe 7 Januari kwa hesabu yetu. Kabla ya hapo wamefunga siku 43, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Mahujaji humiminika Lalibela, penye makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, yaani hayakujengwa kwa kupanga mawe, yalichimbwa kutoka juu kwenda chini. Wengine hufika kwa miguu baada ya siku kadhaa njiani. Asubuhi ya sikukuu, makasisi na mashemasi waliovaa mavazi meupe hujipanga kwenye ukingo wa mwamba, juu ya ua wa kanisa la Bete Maryam, na wenzao husimama chini uani. Wa juu wanaimba, wa chini wanajibu, na wote wanayumba pamoja taratibu wakiwa na fimbo zao ndefu za sala.

Wanaimba kwa vyombo gani? Kwa ngoma kubwa inayoninginizwa shingoni, iitwayo kebero, na kwa njuga ya chuma inayotikiswa mkononi, ambayo sisi tungeiita ndugu ya kayamba. Mapokeo ya Kanisa lao yanasema nyimbo hizo zilianzishwa na Mtakatifu Yared katika karne ya 6. Tunalitaja hili kwa upole, kwa faida ya wazee wetu wapendwa ambao kila Desemba hutuuliza kama ngoma zinafaa usiku mtakatifu kama ule.

Sasa tuende mbali zaidi. Huko Ufilipino kuna ibada iitwayo Simbang Gabi. Kwa siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, watu huamka gizani kwenda Misa, mara nyingi saa kumi alfajiri. Saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya wakulima, ili wasali kwanza kisha waende mashambani kabla jua halijawa kali. Njiani kuna taa zenye umbo la nyota, ambazo tangu zamani zilitengenezwa kwa mianzi na karatasi, na nje ya kanisa kuna akina mama wanaouza vitumbua vyao vya mchele vikiwa moto. (Hapo tumewaona baadhi yenu mkiamka kidogo.) Ibada hii huitwa pia kwa Kihispania Misa ya Jogoo, kwa sababu ya saa yake. Na Wafilipino wanaofanya kazi Ughaibuni wameibeba. Dada zetu wa parokia hii walioko Dubai wanatuambia kwamba huko, kwa kuwa waajiri hawasubiri mtu atoke Misa, ibada huwekwa jioni baada ya kazi, na kanisa hujaa hadi uani.

Jogoo huyo huyo tunamkuta tena Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, ingawa watu wa huko hawafahamiani na Wafilipino. Wana ibada iitwayo plygain, neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya kuwika kwa jogoo. Zamani ilifanyika kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi siku ya Krismasi. Siku hizi mara nyingi huwa jioni, na huendelea hadi Januari. Wanakwaya, sikilizeni utaratibu wake. Hakuna ratiba iliyoandikwa, wala kinanda, wala mtu anayetangaza nani afuate. Baada ya sala fupi, kikundi cha watu watatu au wanne, pengine baba na wanawe, kinainuka kwenye viti, kinakwenda mbele, kinatafuta sauti yake ya kuanzia, kinaimba na kurudi kuketi. Kimya kidogo, halafu kikundi kingine kinainuka. Na wimbo ulioimbwa na wenzako hauruhusiwi kurudiwa jioni hiyo. Nyimbo nyingine ziko katika madaftari ya familia, baba akimwachia mtoto. Sisi tunaopigania fotokopi kila Jumanne tungetamani madaftari hayo.

Mnaona tunakoelekea. Watu watatu wanatosha.

Na kama bado mnatilia shaka, twendeni Oberndorf, kijiji cha Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na njaa ilikuwa imepita sehemu zile. Padre msaidizi kijana, Joseph Mohr, alikuwa na shairi alilolitunga mwaka 1816. Alilipeleka kwa Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji jirani aliyekuwa akipiga kinanda pale kanisani, akamwomba alitilie muziki wa gitaa. Gruber aliutunga siku ile ile. Usiku, padre aliimba sauti ya tatu huku akipiga gitaa, mwalimu akashika sauti ya nne, na wanakwaya wakaitikia mwisho wa kila beti. Huo ndio wimbo wa Stille Nacht, ambao sote hapa tunaujua kwa Kiswahili, na ambao tukiuanza sasa hivi hatutahitaji kitabu. Uliimbwa mara ya kwanza na wanaume wawili na gitaa, katika kanisa la kijiji. Laiti wangesubiri kwaya ikamilike! (Walimu wenzetu mlio hapa, tafadhali msikieni mwalimu mwenzenu alivyofanya kazi ya siku moja bila kudai marupurupu.)

Hatusemi kila mahali Krismasi ni nyimbo. Kule Japani, ambako Wakristo ni wachache sana, familia nyingi hununua kuku wa KFC usiku huo, desturi iliyotokana na tangazo la biashara la mwaka 1974. Na kuna Wakristo walioikataa sikukuu kabisa. Katika koloni la Massachusetts, kuanzia mwaka 1659 hadi 1681, aliyeonekana akisherehekea Krismasi alitozwa faini ya shilingi tano. Uskoti, walikotoka wamisionari wengi waliokuja nchi hii, haikuifanya tarehe 25 Desemba kuwa sikukuu ya umma hadi mwaka 1958. Majirani zetu wa kanisa la ng'ambo ya barabara watatusamehe kwa kulitaja.

Sisi Wakenya, desturi yetu kubwa ya Krismasi ni safari. Stendi imejaa, mfuko wa unga wa chapati uko juu ya paa la matatu, mbuzi anasubiri nyumbani. Hatutaki kumlaumu anayekwenda kumwona mama yake. Yosefu mwenyewe alisafiri kwenda kwao. Lakini kuna wasiosafiri. Wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi, mama mboga aliyebaki na mali yake, wazee ambao watoto wao hawakuja, na wale ambao nauli haikupatikana. Hao ndio waliojaza viti vya nyuma mkesha wa mwaka jana, na bibi mmoja wao alitushika mkono mlangoni akasema hajasikia sauti nyingine ya mtu tangu asubuhi. Je, huyo tutamwekea flashi?

Ndiyo maana tunaleta pendekezo letu, na sehemu yake tumeiazima Meksiko. Huko, kuanzia karne ya 16 walipoanza watawa wa Mtakatifu Augustino, watu huwa na siku tisa za posada, tarehe 16 hadi 24. Kikundi kinasimama nje ya mlango kikiimba kuomba pahali pa kulala kwa niaba ya Yosefu na Maria, walio ndani wanajibu kwa wimbo kwamba hakuna nafasi, hadi mwishowe mlango unafunguliwa na wote wanakula pamoja.

Tunapendekeza hivi. Kuanzia tarehe 16 Desemba, kila jioni saa moja, tuimbe katika nyumba moja ya jumuiya ndogo ndogo, tukianza na wagonjwa na wazee. Anayesafiri tarehe 20 atakuwa ameimba jioni nne, naye akifika kwao akaimbe na kwaya ya huko. Mkesha utaimbwa na watakaobaki, wawe kumi na mmoja au wanne, kwa nyimbo zilizopangwa kwa idadi hiyo, si nyimbo za watu arobaini zinazotuacha tukihema. Mwalimu wa kwaya amekubali kuziandaa.

Uamuzi ni wa mkutano mkuu, na kila mwanakwaya ana kura moja. Karatasi ya kujiandikisha kwa jioni hizo tisa iko kwa mweka hazina, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa sakristia. Safu ya mkesha tumeiweka mwisho, na majina mawili tayari yameandikwa. Mmoja ni yule mzee wa sauti ya nne.