Valvu, Antena na Chumvi ya Bahari



Enzi za msimbo wa Morse, meli zilizokuwa zikikaribia bandari ya Kilindini ziliita nchi kavu kwa kilohezi 500. Masafa hayo yaliachwa rasmi tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa usalama baharini uliposhika nafasi. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 600, na robo yake, urefu unaoifaa antena ya wima, ni mita 150. Hakuna mlingoti wa meli unaofika huko. Afisa wa redio alikuwa na waya mfupi, basi akauongezea koili, akazungusha vifundo mpaka mita zimkubalie. Kazi hiyo ya kulinganisha mtambo na antena ndiyo mada yangu.

Kwa mfano, tuichukue valvu ya 813. Ipewe volti 2,000 kwenye anodi, ivute miliampea 180 katika daraja C: itakula wati 360 na kutoa kama 275, na wati 85 zitabaki kuwa joto. Ili ifanye hivyo inataka mzigo wa omu 5,500 hivi. Kebo ya antena ina omu 50. Baina yao tunaweka koili moja na kapasita mbili zinazozungushwa, ya kwanza upande wa valvu, ya pili upande wa antena.

Hamali wa mkokoteni anayepanda kutoka kwenye feri ya Likoni wakati maji yamekupwa analijua jambo hili la mzigo kulingana na nguvu mwilini mwake: gunia zikizidi, atakwama na jasho limwishie papo hapo, zikipungua mno, atafika juu na nguvu zake hazikutumika.

Ukizungusha kapasita ya kwanza, sindano ya mkondo wa anodi hushuka ghafla. Hapo ndipo penye resonansi. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha, na mimi nasema ndiyo kwanza inaanza. Sindano ikizama sana, mzigo ni mwepesi: nguvu haziendi antenani, volti za masafa ya redio zinapanda kwenye koili, na cheche zinaruka baina ya bamba za kapasita. Basi punguza kidogo kapasita ya pili. Mkondo utapanda. Rudi kwenye ya kwanza, utafute tena mshuko wake, kisha urudie ya pili, hivyo hivyo, mpaka mshuko wenyewe usome miliampea 180. Usikawie nje ya resonansi. Anodi ya 813 haihimili zaidi ya wati 125 za joto, na huko nje karibu nguvu zote hugeuka joto. Utaiona inaiva nyekundu machoni pako.

Hapa kwetu pwani mzigo wenyewe hautulii. Upepo wa kusi huleta chumvi, ikaganda juu ya vihami vya kauri. Umande wa usiku ukiilowesha, chumvi hupitisha umeme na mkondo ukavuja njiani. Viungo vya shaba navyo vinafanya kutu ya kijani. Kwa hiyo alama ulizochora kwenye vifundo mchana ni pa kuanzia tu. Alfajiri sindano itakwambia mengine. Vihami vioshwe kwa maji baridi, mtambo upimwe upya.

Vipaza nguvu vya transista vya leo hujilinda: antena ikiharibika, hupunguza nguvu vyenyewe. Kifaa kinasalimika, lakini mwanafunzi haoni kilichotokea. Ndiyo maana naomba maabara zetu zibaki na mtambo mmoja wa valvu unaofanya kazi. Mwanafunzi auwashe kwanza kwa nguvu kidogo, akiwa na mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, mwalimu kando yake na kifuniko kimefungwa, kwa sababu volti 2,000 zinaua. Akishaweza kuleta sindano pale inapotakiwa bila kuambiwa, ndipo aunganishiwe waya ulio juu ya paa.