MAJI YA NYUMBANI WAKATI WA KIANGAZI
(Maneno yaliyonenwa barazani kwa wazee, walimu na wenye nyumba wa Ugogo)

Jambo tulilowaitia leo ni maji.

Kila mmoja wetu ajua desturi ya nchi hii. Mvua za Ugogo zina msimu mmoja tu kwa mwaka, kwa kawaida tangu Desemba mpaka Aprili. Kisha mbingu hufunga. Ifikapo Oktoba na Novemba jua huwa kali mno, na hapo ndipo visima tuvichimbavyo katika mchanga wa mito vizidipo kwenda chini. Haja ya maji yaongezeka wakati uleule maji yapunguapo. Basi kijiji kikiweka zamu kisimani, tusidhani kuwa ni adhabu.

Hata miji mikubwa imepatwa na shida hii. Mwaka 2018 mji wa Cape Town, Afrika Kusini, baada ya miaka mitatu ya mvua haba, uliamuru kila mtu asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku, yaani madebe mawili na nusu, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Watu walijizuia, matumizi ya mji yakashuka chini ya nusu ya yale ya mwaka 2015, na mabomba hayakufungwa mpaka mvua ikarudi. Dar es Salaam nayo ilipewa maji kwa zamu mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua.

Huku kwetu, mwanamke achukuaye debe moja kichwani amebeba kilo 20. Kwa hiyo twaomba kila nyumba ishike mambo haya.

Kwanza, maji ya kunywa na kupikia yatengwe katika mtungi wenye kifuniko, yatekwe kwa kata yenye mpini, wala mikono isiingie ndani.

Pili, maji yaliyokwisha kutumika yasimwagwe ovyo. Yaliyooshea mboga wapewe kuku. Yaliyofulia nguo yapelekwe kwenye mche wa mpapai.

Tatu, ng'ombe wanyweshwe mbali na kisima cha watu, wasije wakakichafua.

Nne, kufyatua matofali na kupika pombe kungoje mvua. Hapa twasema hasa na sisi wanaume. Si haki mtu amalize madebe kumi kwa matofali yake, kisha amwambie mkewe kwamba maji ya kumnawisha mtoto hayapo.

Na hilo la mtoto ndilo kubwa kuliko yote. Maji yakiwa machache, wengi wetu huanza kupunguza kunawisha watoto nyuso. Tongo na kamasi huita nzi, na nzi huchukua ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma, kutoka jicho hili kwenda jicho lile. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope huingia makovu. Mwisho, ukubwani, kope hupinduka ndani, nywele zake zikakwaruza jicho hata likapofuka. Uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa na kufundishwa kunawisha watoto vilikuwa na ugonjwa mkali kidogo kuliko vile vilivyopewa dawa peke yake.

Wala haja yake si debe zima. Maji ya kibuyu kimoja, yakichirizishwa kidogo kidogo, yatosha nyuso za watoto wa nyumba nzima. Walimu, twawasihi mtundike kibuyu chirizi penye mlango wa shule, na mtoto asiingie darasani kabla ya kunawa. Katika kupunguza matumizi yote, hili lisipunguzwe.

Mwisho, tuitengenezee mvua njia kabla haijaja. Bati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 likipata mvua ya milimita 10, hutiririsha lita zipatazo 200, nayo ni madebe kumi, bila mtu kwenda kisimani. Mwenye bati na aweke mfereji na pipa sasa, maana wingu halimngoji fundi.

Wazee, mkirudi makwenu, zamu ya kisima ianzie nyumbani kwenu ninyi wenyewe. Watu wakiona mkubwa amepanga mstari na ndoo yake, hakuna atakayenung'unika.