Kaya ya Katikati Isipotee Hesabuni

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali wa Kagoma, Mkoa wa Kagera)



Hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo, ilipewa jina la Kupanga ni Kuchagua. Lakini hawezi kuchagua sawasawa yule asiyejua hali ya watu anaowachagulia. Kwa hiyo suala la pato la wananchi wa wilaya, na jinsi linavyobadilika mwaka hadi mwaka, si la wataalamu wa takwimu peke yao. Ni suala la haki.

Kosa la kwanza ni kuridhika na wastani. Chukueni mfano wa kaya tano za kijiji kimoja. Nne zinapata shilingi 200,000, 300,000, 400,000 na 500,000 kwa mwaka. Ya tano, ya mfanyabiashara wa kahawa, inapata 3,600,000. Wastani wake ni 1,000,000, na hali kaya nne kati ya tano hazizidi nusu ya kiasi hicho! Zikipangwa kuanzia ya chini hadi ya juu, kaya ya katikati ina 400,000. Hiyo ndiyo inayoeleza maisha ya mwananchi wa kawaida. Mfanyabiashara akiongeza pato lake maradufu, wastani utapanda, lakini kaya ya katikati itabaki pale pale.

Kosa la pili ni kuhesabu fedha taslimu tu. Katika Bukoba na Muleba, kibanja kina migomba, mibuni na maharage kwa pamoja. Mkungu uliokatwa kibanjani na kuliwa nyumbani hauna stakabadhi, lakini ni pato. Tena, mkulima aliyeulizwa wakati wa mavuno ya kahawa hatatoa jibu lile lile atakalotoa miezi sita baadaye. Ndiyo maana uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya hutazama zaidi matumizi, na chakula cha shambani hutiwa thamani kwa bei ya mahali. Miaka inapolinganishwa, hapana budi kupanda kwa bei kuondolewe kwanza. La sivyo, shilingi nyingi zitadhaniwa kuwa neema nyingi.

Ugumu wa tatu ni uchache wa kaya zinazohojiwa. Uchunguzi wa mwaka 2017/18 ulihusu kaya zipatazo 9,500 katika mikoa 26 ya Tanzania Bara. Kama zingegawanywa sawasawa, kila mkoa ungepata zipatazo 365, na kila moja ya halmashauri nane za Kagera ungeipatia 45 hivi. Idadi hiyo haitoshi kuhukumu wilaya. Dawa iliyopo ni kuoanisha uchunguzi na sensa. Uchunguzi huonyesha jinsi matumizi yanavyohusiana na paa, elimu, taa na ukubwa wa kaya. Sensa, kama ile ya 2022, huzijua habari hizo kwa kila nyumba. Hata hivyo, kinachopatikana ni makadirio, nayo hayana budi kutajwa pamoja na kiasi yanavyoweza kukosea.

Lakini somo kubwa kuliko yote limetoka hapa hapa Kagera. Kati ya 1991 na 1994, kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51 zilihojiwa, wakati ukimwi ulipokuwa ukiacha nyumba nyingi bila wazazi. Mwaka 2004 watafiti hawakurudi kugonga milango ile ile tu. Waliwatafuta watu wenyewe walikohamia, hata Uganda. Ilionekana kwamba ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kama wangehesabiwa waliobaki peke yao, maendeleo ya watu hao yangeonekana madogo kuliko yalivyokuwa.

Basi ni dhahiri kwamba kuna maswali mawili, wala moja halijibu jingine. Hali ya wilaya ikoje? Na hali ya watoto wa wilaya hiyo ikoje? Pato la kaya ya katikati laweza kusimama huku vijana wakifanikiwa Mwanza. Laweza pia kupanda kwa sababu tu maskini wamehama au wamekufa. Hata mipaka hubadilika: Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo, iliingizwa katika Mkoa wa Geita mwaka 2012. Mwenye kulinganisha Kagera ya jana na ya leo bila kukumbuka hilo analinganisha mikoa miwili tofauti.

Wataalamu watapiga hesabu zao, lakini chanzo chake ni daftari la kijiji na rejesta ya shule. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtendaji anayeandika kaya asiyoitembelea, au mwalimu anayejaza jina la mtoto aliyekwisha hama, hakosi tarakimu tu. Orodha ya msaada inapopitishwa, mjane asiyeandikwa hatakuwa na wa kumsemea. Afadhali daftari lenye nafasi tupu iliyo ya kweli kuliko lililojaa uongo.