Reli Moja Ndefu au Mbili Fupi: Maneno Juu ya Vifaa vya Karakana Yetu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliokubali leo kukaa tena pamoja nasi, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katibu amenipa dakika 20, na amenionya kwamba sato wamekwisha kuiva na wapishi hawapendi kungoja. Nitajitahidi.

Katika orodha ya vifaa ambavyo Kamati inapendekeza vinunuliwe kwa michango yetu, kwa ajili ya karakana ya useremala ya shule, kifungu cha sita kinasema: msumeno wa reli mmoja, pamoja na reli yake ya mita 3. Nimeomba nafasi niseme juu ya kifungu hicho kimoja tu. Najua wapo wanaojiuliza mtu aliyesomea maendeleo ya jamii Chuo Kikuu, ambaye kazi yake ni mafaili na safari za vijijini, amepata wapi habari za msumeno. Nitaeleza nilipozipata, wala sipati fahari kueleza.

Kwanza niwaelezee wale ambao hawajakiona chombo chenyewe. Ni msumeno wa umeme wa kushika mkononi, wenye meno ya duara, kama ule walio nao mafundi wengi wa Nyakato na Igoma. Tofauti ni kwamba chini ya kitako chake kuna mfereji, na mfereji huo unapanda juu ya mgongo wa reli. Reli ni bapa la alumini, upana wake kama shubiri moja. Chini yake zimebandikwa tepe mbili za sponji za kung'ang'ania ubao, na ukingoni upo utepe wa plastiki. Siku ya kwanza kabisa msumeno wenyewe huukata utepe huo, na tangu hapo ukingo wa utepe ndio mstari wa kukatia. Fundi anapiga alama mbili za penseli, anaweka ukingo juu ya alama, anasukuma. Kwa sababu hiyo reli huwa na msumeno wake. Ukiazima msumeno wa jirani ukaupandisha juu ya reli yako, ama utaukata utepe zaidi, ama utaacha nafasi kati ya utepe na meno, na alama zako zitakuwa zimekudanganya.

Faida yake kubwa ni kwamba ubao unalala tuli na msumeno ndio unaotembea. Bodi ya MDF ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, ina uzito wa karibu kilo 40. Kwenye msumeno wa meza inahitaji watu wawili kuisukuma, na mmoja akitikisika mstari umeharibika, mbali na hatari ya vidole. Kwa reli, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu anailaza bodi juu ya vipande vya mbao sakafuni na kuikata peke yake.

Sasa tuje kwenye urefu, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu na kifungu cha sita.

Bodi ya futi 8 ni milimita 2440. Mtu wa ofisini akisikia hivyo atasema inunuliwe reli ya milimita 2440. Atakuwa amekosea, kwa vile msumeno lazima uwe umekwisha kukaa sawasawa juu ya reli kabla meno hayajagusa ubao, na mwishoni lazima meno yatoke ubaoni kabla kitako hakijaishiwa na reli. Kila upande panahitajika sentimita kadhaa za kuanzia na kumalizia. Hivyo basi, kukata bodi kwa urefu wake ni reli ya mita 2.7 au 3. Kukata bodi hiyo hiyo kwa upana, yaani milimita 1220, reli ya mita 1.4 inatosha kwa kubana kidogo, na ya mita 1.5 inatosha kwa raha. Kwa mbao za ubavuni mwa kabati la nguo, ambazo kina chake ni sentimita 60 hivi, reli ya mita 1 ndiyo nzuri. Ya mita 3 hapo itaning'inia pande zote mbili na kukupiga mbavuni kila unapopita.

Mpaka hapa Kamati itasema: tazama, basi mita 3 ni sawa, reli ndefu inaweza kufanya na kazi fupi. Nami nilisema hivyo hivyo mwaka 2021, nikiwa na kalamu mkononi.

Mnafahamu kwamba kwa sheria ya mwaka 2018 halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha vijana maseremala, ng'ambo ya ghuba, kiliomba mkopo. Kwenye orodha yao waliandika reli mbili za mita 1.4, viungio vyake, na reli moja fupi. Orodha ile walisaidiwa kuiandika na mwenzetu mmoja wa darasa letu, ambaye hakwenda Chuo Kikuu na ambaye leo amekaa kule nyuma karibu na mlango kama alivyokuwa akikaa siku zote. Mimi nikaona reli tatu ni anasa. Nikapiga mstari, nikaandika pembeni: "Reli moja ya mita 3 inatosha." Mwenzetu alinipigia simu. Akaniambia, "Bwana Afisa, reli ndefu ni kama mkwe. Kabla hujamleta nyumbani, ujue atalala wapi." Nilicheka, na sikubadilisha kitu.

Reli ilitoka Dar es Salaam kwa basi mpaka Mwanza. Pale tukaipandisha juu ya lori dogo, juu ya mifuko ya saruji, ncha yake ikichomoza nyuma karibu mita nzima. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado linajengwa (lilifunguliwa Juni 2025), kwa hiyo tulipanga foleni ya kivuko, tukashuka, tukapanda, na ile barabara ya ndani mnaijua. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Sikushuka hata mara moja kuitazama kamba.

Kazi ya kwanza ya vijana wale ilikuwa makabati marefu yenye milango miwili miwili, kila mlango zaidi ya mita 2. Walipoifunga, milango iligusana juu na chini, na katikati mwanga ukapita. Ufa wa milimita 4. Mteja akakataa makabati. Vijana wakanunua bodi nyingine kwa fedha yao, marejesho ya mkopo yakachelewa, na mmoja wao akaacha useremala akaenda visiwani kuvua dagaa.

Nami nikaandika taarifa. Niliandika kwamba kucheleweshwa kwa marejesho kumetokana na uzembe wa kikundi katika vipimo.

Ndugu zangu, mnakumbuka jinsi mwalimu wetu wa useremala alivyotufundisha kuijaribu rula? Unapiga alama mbili mbali mbali, unaweka ukingo wa rula juu yake, unachora mstari. Kisha unaizungusha rula, kichwa kiwe miguuni, ukingo ule ule uziguse alama zile zile kutoka upande wa pili, na unachora tena. Mistari ikilaliana, rula imenyooka. Ikiachana katikati, nafasi unayoiona ni kosa mara mbili. Sote tulilifanya zoezi hilo Kidato cha Kwanza, nami nilipata alama nzuri kuliko wengi. Lakini ni mwenzetu wa mlangoni aliyevuka maji kwa nauli yake, akailaza reli ile juu ya bodi na kuchora mistari miwili mbele yangu. Mistari iliachana milimita 4 kamili, kwa maana reli ilikuwa imepinda milimita 2. Kila mlango ulikatwa na upinde wa milimita 2, na milango miwili ilipokutana ikawa 4. Vijana walipima sawasawa. Kilichopinda ni kifaa nilichowachagulia na kuwasafirishia mimi.

Barua ya kusahihisha taarifa ile niliiandika, ila baada ya miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu sina maelezo yake.

Mwenzetu alifanya jambo lililonistaajabisha. Aliikata reli ile iliyopinda vipande vitatu vya mita moja moja. Nikamwambia sasa tutakuwa na reli tatu zilizopinda. Akaniambia nichore tena. Mistari karibu ililaliana. Nilipokwenda nyumbani nilipiga hesabu nikaona ana haki: upinde uliosambaa sawasawa hupungua kwa mraba wa urefu. Ukigawa urefu kwa 3, upinde unagawanyika kwa 9. Milimita 2 ikawa kama robo ya milimita, ambayo kwa rafu ya kabati hakuna jicho litakaloiona. Vipande vile viliendelea kufanya kazi.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza juu ya reli fupi: ni vigumu kuipinda, na ikipinda hasara ni ndogo. Inaingia ndani ya daladala, inasimama nyuma ya mlango. Reli ya mita 3 katika karakana yetu, ambayo mnajua wanafunzi hupita na mbao mabegani, itakaa wapi? Itaegemezwa ukutani ikiwa imelala kimshazari.

Reli mbili za mita 1.5 zikiungwa ni mita 3 zile zile. Sikatai kwamba muungano una taabu yake. Ni vyuma viwili vyembamba vinavyoingia kwenye mifereji ya chini, na kubanwa kwa skrubu ndogo. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuzisukuma ncha mpaka zigusane kwa nguvu. Ncha hazikukatwa mraba kamili siku zote, na zikigusana ndizo zinazoamua mwelekeo wa reli badala yako wewe. Acheni nafasi ndogo, unene wa kadi. La pili ni kukaza skrubu kupita kiasi, hadi reli inainuka katikati kama mgongo wa paka. Dawa ya kunyoosha ni ile reli fupi ya tatu: unaibandika ubavuni, nusu yake huku na nusu kule, ikivuka kiungo, ndipo unakaza. Na ukimaliza unachora mistari miwili ya Mwalimu. Kama mistari haikulaliana, unalegeza na kuanza tena. Kwa mtu aliyezoea ni dakika tano.

Lakini reli zote lazima ziwe za mtengenezaji mmoja. Migongo na mifereji hutofautiana, nyingine zinaingiliana na nyingine haziingiliani kabisa, na muuzaji mara nyingi naye hajui. Anayenunua aziunge dukani mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Vile vile zisiachwe klampu za kubana reli kutoka chini. Tepe za sponji hushika vizuri kwenye bodi safi, ila vumbi la MDF likijaa zinateleza kama sabuni.

Kuna watakaosema hata hivyo ni gharama, na shule iwafundishe vijana kujitengenezea. Nakubali nusu. Kipande cha plaiwudi cha milimita 6, juu yake ukagongomelewa ubao mwembamba ulionyooka, kisha ukapitisha msumeno wa kawaida ukiubana kwenye ubao ule na kukata ziada ya plaiwudi: hapo umepata reli yako, na ukingo wake ndio mstari. Kila mwanafunzi atengeneze moja. Tatizo ni lile lile la urefu. Plaiwudi nayo ni ya futi 8, haiwezi kuongoza ukataji wa futi 8 nzima bila msumeno kuanza ukiwa nusu hewani. Kwa upana wa bodi zinafaa sana. Kwa urefu tutahitaji za alumini. (Na anayetaka kujenga mtumbwi asahau reli zote, maana mafundi wa ufukweni hawana mstari ulionyooka hata mmoja katika kazi yao, na mitumbwi inaelea.)

Hivyo basi, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza kifungu cha sita kisomeke: msumeno wa reli mmoja, reli mbili za mita 1.5 na moja ya mita 1, zote za mtengenezaji mmoja, viungio jozi mbili, kwa kuwa jozi moja itapotea kabla ya muhula kwisha, klampu nne, na vigingi ukutani vya kuzitundika wima. Napendekeza pia anayekwenda kununua asiwe mimi, awe mwenzetu wa mlangoni, na nauli yake safari hii ilipwe na chama.

Amekubali kuja karakana Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi na reli zake mwenyewe. Anayetaka kujaribu kuunga aje na penseli iliyochongwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.